Gari Limefufuliwa, Aliyelifufua ni Nani?

Gazeti likifika Kilelengwani huwa limekwisha kuwa kuukuu. Juma lililopita ukurasa mmoja wa matangazo madogo madogo ulinifikia ukiwa umefungia vitunguu kutoka Garsen, na kabla ya kuutia motoni niliupitisha macho, kama ilivyo ada ya mtu aliyezoea kusoma chochote kilichoandikwa. Palikuwa na viwanja, nyumba za kupanga na ng'ombe wa maziwa. Chini kabisa palikuwa na gari la Kiingereza, MGB GT la mwaka 1969, lililofufuliwa na kuwa kama jipya. Linauzwa Nairobi, na bei ni ya kuelewana.

Najua kwamba jina la Kilelengwani likitajwa mbali, wengi hukumbuka Septemba ya mwaka 2012 na maafa yake. Leo naandika juu ya jambo jingine kabisa. Najua vilevile kwamba yuko msomaji atakayeniuliza: wewe mtu wa delta ya Mto Tana, ambako mvua ikinyesha udongo mweusi humeza hata trekta, una haja gani na gari la kitajiri ambalo tumbo lake karibu ligusane na lami? Haja ya kulinunua sina, wala uwezo sina. Haja yangu imo katika lugha ya tangazo lenyewe.

Tangazo lasema gari limepakwa rangi, injini imefunguliwa na kufungwa upya, viti vimeshonwa kwa ngozi, vyuma vya nje vimeng'arishwa, breki zimebadilishwa. Hivyo ni vitenzi chungu nzima, vyote katika kauli ya kutendwa, na hakuna hata kimoja kilichofuatwa na lile neno fupi "na" ambalo Kiswahili kimetupa ili tumtaje mtenda. Limepakwa rangi na nani? Imefunguliwa na nani? Mwenye gari ametaja mji wa Abingdon, Uingereza, ambako magari hayo yaliundwa. Amemtaja hata Mtaliano Pininfarina, ambaye kampuni yake ilichangia kulichora paa lake. Mkenya aliyelitoa gari hilo katika kutu hakupata hata herufi moja.

Nilimsomea tangazo hilo mjomba wangu, ambaye katika ujana wake alifanya kazi ya ufundi katika gereji moja Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Alisikiliza macho yakiwa mtoni, kisha akasema: "Mpwa wangu, hebu nisomee tena. Hapo wamesema nini juu ya zile mbavu za chini ya milango?" Nikamjibu kwamba hawakusema neno. Akacheka. "Basi hawajasema kitu."

Nilimwomba anieleze, naye akanieleza. Gari la namna hiyo halina fremu ya chuma iliyolazwa chini na bodi kuwekwa juu yake, kama ilivyo kwa Land Rover za zamani. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Zile mbavu mbili zinazopita chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, ndizo zinazolizuia gari lisijikunje katikati. Nazo ndipo maji yanapotuama, hasa pwani kwenye upepo wa chumvi. Kutu huzila kutoka ndani, na huku nje rangi ingali inang'aa. Fundi mwaminifu hukata chuma kilichooza chote, akahakikisha kwanza gari limeegemezwa sawasawa lisije likapinda, ndipo akachomelea chuma kipya. Fundi mlaghai huziba matundu kwa fila, lile dongo la kupigia msasa, akapaka rangi juu. Siku ya kuuza, magari hayo mawili ni pacha. Tofauti yake hujulikana baada ya mwaka, barabarani, mlango unapokataa kufunga kwa sababu gari limelegea kiuno.

Vivyo hivyo kwa injini. Petroli yenye risasi iliondolewa sokoni katika nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Injini hii ya lita 1.8 iliundwa enzi ambapo risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda vikalio vya vali visilike. Anayeifungua leo hana budi kutia vikalio vya chuma kigumu, vinginevyo mnunuzi akilikimbiza gari masafa marefu vali zitazama taratibu na nguvu zitapungua. Je, aliyeifungua injini ya gari hili alifanya hivyo? Na zile kabureta mbili, ambazo sharti zivute hewa kwa kipimo kimoja, nani alizilinganisha? Mjomba anasema yeye alitumia kipande cha mpira wa maji: ncha moja kwenye mdomo wa kabureta, ncha nyingine sikioni, akisikiliza mvumo wa hewa ya huku na wa huku mpaka ukawa sauti moja. Sikio kama hilo haliko katika duka la vipuri.

Nimelikalia jambo hili la mbavu na kabureta kwa sababu ndilo kiini cha hoja yangu. Thamani ya gari lililofufuliwa imo pale pasipoonekana, na pasipoonekana mnunuzi hana dhamana nyingine ila jina la aliyetenda kazi. Kuficha jina hilo ni kumdhulumu fundi, na papo hapo ni kumuuzia mnunuzi paka ndani ya gunia.

Hapa kwetu tunalijua hilo bila kufundishwa. Mtumbwi ukiuzwa Kilelengwani, kabla ya kuulizwa urefu wake au mti wake kama ni mwembe au mkuyu, huulizwa umechongwa na nani. Akitajwa mzee fulani, bei hupanda papo hapo. Akitajwa mwingine, watu huupindua mtumbwi wakaanza kutafuta nyufa zilizozibwa. Katika mafuriko ya El Nino ya mwaka 1997, katika yale ya 2018, na tena mwishoni mwa 2023, mitumbwi ndiyo iliyobeba watoto, wazee na magunia ya mpunga. Asiyejua mtumbwi wake umetoka mikononi mwa nani alikuwa akiweka roho za jamaa zake rehani.

Wako watakaosema kwamba fundi wa gari alilipwa ujira wake na shauri likaisha. Lakini tazameni kinachouzwa. MGB GT la mwaka 1969 lililooza nyuma ya nyumba ni chuma chakavu. Linalotangazwa sasa ni lile lile, likiwa limeongezewa miezi ya kazi ya mikono. Muuzaji anaiuza kazi hiyo, na kila sifa aliyoipanga katika tangazo lake ni sifa ya kazi hiyo. Kazi inayofuata ya fundi hutegemea kujulikana kwa hii iliyopita. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hapa pete amevikwa mwenye mfuko.

Wala tusiseme kwamba huko magari haya yalikotoka ndiko tulikojifunza kumsahau fundi. Injini za Aston Martin za silinda nane zilizokuwa zikiundwa Newport Pagnell zilibandikwa kibati kidogo chenye jina la fundi aliyeiunga injini ile. Tajiri aliyefungua boneti alilisoma jina la mfanyakazi kabla ya kusoma kingine. Gari la kale likipelekwa mnadani Uingereza, huandamana na jalada la stakabadhi, picha za kazi ilivyokuwa ikiendelea na majina ya karakana, na gari lisilo na jalada hushuka bei. Sisi tumeyachukua magari yao na kuiacha desturi hiyo.

Herufi hizo GT, kifupi cha neno la Kitaliano lenye maana ya safari kuu, si ngeni kwetu. Mwaka 1964 Peter Hughes aliyashinda mashindano ya Safari Rally kwa Ford Cortina GT, na mwaka uliofuata Joginder Singh, ambaye aliwahi kuwa fundi wa doria wa chama cha magari akisaidia waliokwama barabarani, akashinda kwa Volvo. Tangu mwaka 2003 magari ya kale yamekuwa yakirejea katika Safari Classic, na katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, magari kama hili hupangwa yakapimwa na waamuzi wanaochungulia hadi uvunguni. Uvunguni! Wanaijua, basi, thamani ya kazi iliyofichika. Itakuwa ajabu gani wakiongeza alama chache kwa gari lililokuja na daftari la majina ya waliolitengeneza?

Kuna jambo jingine linalonifanya nisinyamaze. Sheria ya viwango hairuhusu kuingiza nchini gari la kawaida lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kwa hiyo haya ya kale tuliyo nayo karibu ndiyo tutakayobaki nayo. Wanaoyajua wanazeeka. Kijana wa leo hufundishwa kusoma gari kwa chombo cha kompyuta, na si kosa lake, maana magari ya leo hayasomeki vinginevyo. Serikali ilitoa waraka wa sera kuhusu jua kali tangu mwaka 1992, na NITA hutahini kwa vitendo hata fundi ambaye hakuingia chuo. Milango ipo. Ila mtu wa umri wa mjomba wangu aliondoka gerejini na mkono mtupu, bila barua wala cheti, na magari aliyoyafufua yangali yakipita barabarani yakiitwa ya watu wengine. Kijana gani atakaa miaka mitano chini ya mtu kama huyo akijifunza kusikiliza hewa kwa mpira?

Ninaloliomba ni dogo. Anayelifufua gari aweke daftari: fundi wa bodi ni fulani, wa injini ni fulani, mshonaji wa viti ni fulani, kazi ilifanywa mwezi gani, na picha za mbavu zile kabla hazijafunikwa. Daftari hilo likabidhiwe pamoja na kitabu cha gari, ambacho kwa sasa kinajua habari za wenye mali peke yao. Na mnunuzi asitoe pesa kabla ya kuliona.

Nilimpigia simu mwenye tangazo, kwa kuwa nambari ilikuwa haijalowa maji ya vitunguu. Alikuwa mtu mwungwana. Nilipomuuliza fundi ni nani, alinyamaza kidogo, kisha akasema alikuwapo mzee mmoja, jina lake limemtoka, lakini angeweza kuuliza. Kama aliuliza, na kama anausoma ukurasa huu, bado hajachelewa kutangaza upya. Mstari mmoja zaidi katika matangazo madogo madogo si gharama kubwa kwa mtu anayeuza gari la namna hiyo.