Popo darini: ziba ufa, usimwage sumu

Magharibi jua linapotua upande wa ziwa, simama nje ya nyumba nyingi za hapa Kisumu uangalie pale paa linapokutana na ukuta. Utaona popo wakichomoka mmoja mmoja, kisha kumi kumi. Wanaoishi katika nyumba hizo hawahitaji kuambiwa. Wanaujua mkwaruzo wa usiku juu ya dari, madoa ya rangi ya chai kwenye silingi, na harufu kali inayochoma pua wakati wa jua la mchana.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mpangaji katika mtaa wa Migosi. Nilipomlalamikia mwenye nyumba alicheka, akasema popo hawali watu. Fundi mmoja akanishauri ninunue sumu ya wadudu, ninyunyize darini, na mambo yatakuwa yamekwisha. Nikamsikiliza. Jioni iliyofuata popo walianza kuanguka uani, wengine wangali hai wakitambaa. Kabla sijatahamaki, binti yangu wa miaka sita alikuwa ameshamwokota mmoja, na damu imetokeza kidoleni. Usiku huo tuliumalizia hospitalini. Alidungwa sindano, kisha nyingine katika wiki zilizofuata. Namshukuru Mungu hakuugua. Lakini tukisema kweli, sumu yangu ndiyo iliyomweka popo yule mkononi mwa mtoto. Angekuwa mzima, asingalimfikia.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: mgonjwa ni nyumba, wala si popo. Anayeua popo na kuliacha tundu wazi ni kama anayemeza dawa ya homa na kuiacha malaria mwilini.

Yafaa ieleweke kwamba popo wa darini si wale wakubwa wanaotuibia maembe. Hawa ni wadogo, wenye mkia uliochomoza, na makao yao ya asili ni mashimo ya miti na nyufa za miamba. Sisi tumekata miti na badala yake tukawajengea mabati. Chini ya mabati joto la mchana huweza kupita nyuzi 40, na wao hulistahimili. Ufa wa upana wa kidole wawatosha kuingia. Ukiwaua wa leo, wa kesho watapita palepale.

Tena wana kazi yao. Popo mmoja anaweza kula kwa usiku mmoja wadudu wanaokaribia nusu ya uzani wake. Sitasema watatumalizia mbu, maana wengi wao hupenda zaidi nondo na mende wa kuruka. Hata hivyo, kumwangamiza mlinzi wa shamba na bustani ni hasara, hasa kwa vile popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kila uzazi.

Je, wana hatari? Ndiyo, na hapa tusidanganyane. Hatari ya kwanza ni kinyesi. Kikirundikana, huweza kuotesha ukungu uitwao Histoplasma. Mtu akifagia mavumbi yake na kuyavuta, mapafu yanaweza kuugua kwa kikohozi na homa zinazofanana na kifua kikuu. Aliye na upungufu wa kinga mwilini yumo hatarini zaidi. Ya pili ni maji. Wengi wetu hukinga maji ya mvua kutoka paani, na kinyesi kilichotapakaa juu ya mabati huishia tangini.

Ya tatu ni kuumwa au kuparuzwa. Mwaka 2007 mtalii wa kike kutoka Uholanzi aliparuzwa na popo mdogo akiwa Tsavo Magharibi. Alifariki kwao Desemba mwaka huohuo kwa virusi vya Duvenhage, ambavyo ni ndugu wa virusi vya kichaa cha mbwa. Tukio kama hilo ni nadra mno, na hapa nchini kichaa hicho bado huletwa hasa na mbwa. Lakini popo akikuuma au kukuparuza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uulizie chanjo. Usingoje dalili, kwani zikishaanza matibabu huwa yamechelewa.

Wako watakaouliza kuhusu Marburg na Ebola. Marburg iliyoua watu hapa Kenya mwaka 1980 na 1987 ilihusishwa na pango la Kitum, Mlima Elgon, na popo wanaojulikana kuibeba ni wala matunda wa mapangoni. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba virusi vya Bombali, vya jamii ya Ebola, vimepatikana katika popo wa paani huko Taita. Hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa virusi hivyo. Habari hizi zatufundisha kutoshika popo kwa mikono mitupu. Hazitufundishi kuwamwagia sumu wakaanguka miguuni mwa watoto.

Basi lifanywe nini? Kwanza, keti nje jioni mbili tatu ujue wanatokea wapi. Pili, fundi achungulie kama kuna vichanga. Wakiwapo, ngoja wiki sita hivi hadi waweze kuruka, la sivyo watafia ndani na kukuozea. Tatu, ziba nyufa zote isipokuwa ile wanayoitumia zaidi. Juu ya hiyo ning'iniza kipande cha wavu mwepesi, kifungwe juu na ubavuni, kiachwe wazi chini. Popo akitoka huteremka na kupaa. Akirudi hutua palepale alipozoea, akakuta pamezibwa. Baada ya usiku saba hivi, ondoa wavu uzibe kwa saruji au waya wenye matundu madogo.

Ndipo usafishe. Usifagie kinyesi kikiwa kikavu. Kilowanishe kwa maji yenye klorini, vaa barakoa nzuri na glavu, ukizoe kwa koleo. Ondoa kwanza bomba linaloingiza maji tangini, na hata baadaye yaache maji ya mvua ya kwanza yapite. Ya kunywa yachemshwe. Moshi wa pilipili usiujaribu, kwani dari ina mbao na nyaya za umeme.

Mpangaji atasema nyumba si yake, na mwenye nyumba atasema ngazi, fundi na saruji ni gharama. Kwa maoni yangu, mzigo huu ni wa mwenye nyumba. Anayepokea kodi kila mwezi amepokea pia wajibu wa paa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, hairuhusu nyumba ya kukaliwa na watu iachwe katika hali ya kudhuru afya, na kuna maafisa wa afya wa kaunti wanaoweza kuja kukagua. Mpangaji aandike barua, aweke nakala, na asipojibiwa awaendee maafisa hao. Wao nao wasingoje kipindupindu ndipo waonekane mitaani.

Mwenye nyumba wangu alikubali hatimaye, baada ya kumwonyesha kadi ya chanjo ya binti yangu pamoja na silingi iliyooza. Kazi ya nyufa ilichukua siku mbili. Kubadilisha silingi kulimgharimu mara kadhaa ya bei ya saruji ile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami naongeza kwamba utajenga na dari.

Popo bado wapo mtaani. Magharibi mimi na binti yangu huwaona wakipita juu ya paa letu kwenda kuwinda. Tofauti ni kwamba hawatoki tena kwetu.