Nguo ya Moto Ipimwe kwa Jua la Turiani

Msimu wa mavuno unapowadia Turiani, mkoani Morogoro, na mashamba ya miwa ya Mtibwa yakaanza kutiwa moto ili majani makavu yateketee na nyoka watoke kabla mkata miwa hajaingia na panga lake, kila apitaye barabarani huuona moshi ukipanda mbele ya milima ya Nguru, na kila mwenye nguo kambani hulalamikia masizi. Walakini ni wachache wanaomtazama yule anayeutembeza moto ukingoni mwa shamba, hasa katika mashamba ya wakulima wadogo, ambaye aghalabu amevaa gambuti na shati la mtumba lenye nyuzi za plastiki, vazi ambalo likipatwa na cheche huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Mtu huyo hunijia akilini kila nisikiapo sifa za vitambaa vinavyofyonza joto, ambavyo wauzaji huvinadi kuwa ndiyo salama mpya ya askari wa zimamoto. Sifa hizo si za uongo. Ndani ya kitambaa hutiwa vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye nta ya parafini, jamii moja na nta ya mishumaa. Joto likiingia, nta huyeyuka, na muda wote wa kuyeyuka huendelea kunywa joto bila yenyewe kuzidi kupata moto, kadiri ya kilojuli 200 hivi kwa kila kilo. Maarifa haya yalikuzwa katika miaka ya 1980 kwa utafiti uliogharamiwa na NASA, shirika la anga la Marekani, kwa ajili ya glavu za wanaanga. Nta hiyo haichukui nafasi ya kitambaa cha nje, ambacho kwa kawaida ni cha aramidi kama Nomex ya kampuni ya DuPont, kisichoyeyuka wala kudondoka bali hugeuka makaa. Hukaa tabaka la ndani, maana ikiwekwa nje nta yenyewe itakuwa kuni.

Lakini nta haina hiari ya kungoja moto. Iitwayo oktadekani, mojawapo ya zinazotumiwa sana, huyeyuka kwenye nyuzi 28 za sentigredi. Askari wa London akilitundika koti lake katika ghala lenye nyuzi 18, nta hubaki imeganda mpaka siku ya haja. Lakini koti hilo hilo likitundikwa Turiani mchana wa Januari, joto likiwa limevuka nyuzi 30, nta itakuwa imekwisha kuyeyuka msumarini kabla kengele haijalia, na askari atakwenda motoni amebeba uzito tu, juu ya mtungi wa hewa na vifaa vingine ambavyo pamoja na koti hupita kilo 20. Ipo nta nyingine, eikosani, iyeyukayo karibu na nyuzi 37, na hiyo ingetufaa zaidi. Basi kabla ya kuuliza bei, mnunuzi wa umma hana budi kuuliza nta ya koti huyeyuka kwa nyuzi ngapi. Na muuzaji asiyekuwa na jawabu arudi na mzigo wake.

Wanakijiji wa chini ya Nguru, fauka ya hayo, wana elimu yao ya kufyonza joto, nayo ni gunia lililoloweshwa mtoni na tawi bichi la kupigia moto wa nyasi. Wasichekwe: kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hunywa takriban kilojuli 2,260, mara kumi na zaidi kuliko nta. Dosari ni kwamba gunia hilo likivaliwa mwilini, mvuke huo huo huibabua ngozi. Na jasho lililonaswa ndani ya koti zito laweza kufanya vivyo hivyo. Isitoshe, koti lisilotoa jasho huutesa moyo. Huko Marekani, kwa miaka mingi, sababu kubwa kuliko zote ya vifo vya askari wa zimamoto kazini imekuwa moyo kusimama, wala si kuungua. Nao wana majira ya theluji ya kuwapoza.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2007, lapaswa kupewa makoti mazito yaliyo bora, na hapana mwana Morogoro atakayelinyima hayo akikumbuka Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Ninalolipinga ni kudhani kwamba koti la moto wa petroli ndilo la moto wa miwa na misitu. Kutoka Morogoro mjini hadi Turiani ni mwendo wa kilomita 100 hivi. Mtu akipiga 114, namba ya dharura ya zimamoto, na gari likalazimika kutoka mjini, wanaoukabili moto kwanza ni wenye mashamba wenyewe, wakikimbia juani. Hao wanahitaji ovaroli ya tabaka moja, ya pamba iliyotiwa dawa za fosforasi zizuiazo moto, maarifa ambayo viwanda vya dunia vinayo tangu miaka ya 1950. Pamba inalimwa Shinyanga na Simiyu, na Morogoro ni mji wa viwanda vya nguo tangu zamani. Sioni jambo jingine linalotuzuia isipokuwa kwamba hapana aliyeagiza.

Endapo ovaroli hizo zitashonwa, ndani ya ukosi wa kila moja ishonwe lebo ya kitambaa yenye maandishi ya Kiswahili, herufi kubwa, kwamba nguo hii ifuliwe kwa sabuni ya unga na isuuzwe vizuri, wala isitiwe jiki kamwe, kwa kuwa jiki huiharibu ile dawa, na mvaaji hatajua kuwa imeharibika mpaka siku ya moto.