Mgeni Asiye na Pesa Ataona Nini Kisumu?

Mwaka huu Chama cha Kiswahili kimenipa nafasi ya kutoa maoni, nami nimeamua kuitumia kuzungumzia swali linalotutoa jasho kila tunapopata wageni wa tamasha la muziki, wa michezo au wa kongamano: tuwapeleke wapi? Jibu ambalo nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu waliozaliwa papa hapa, ni kwamba Kisumu hakuna kitu bila pesa. "Wapeleke supamaketi," husemwa, "wapande ngazi ya umeme, washuke, warudi." Lahaula! Mtu asafiri usiku kucha kuja kwenye ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, halafu tumwonyeshe ngazi?

Likizo ya Agosti iliyopita binamu yangu alitutembelea kutoka Nakuru. Mjomba alikuwa amempa nauli ya kuja na kurudi, na juu yake shilingi mia mbili za matumizi, basi. Mia mbili! Kwa bei za siku hizi hiyo ni sahani moja ya chakula cha mchana, na hata hapo uombe iwe ya omena, si ya ngege. Siku ya pili akaniambia, "Omera, nionyeshe huo mji wenu, lakini ujue mfuko wangu umetoboka." Nikamwambia avae viatu twende.

Tulianzia kwenye mnara wa saa ulio katika Barabara ya Oginga Odinga. Ni wangapi kati yetu wamewahi kusimama kuyasoma maandishi yake? Sisi hupita pale mbio mbio tukikimbilia matatu. Mnara huo ulizinduliwa na Gavana mwaka 1938. Ulijengwa na watoto wa Kassim Lakha kumkumbuka baba yao, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufariki mwaka 1910 huko Kampala. Hebu fikiri: mtu huyo alifika pande hizi miaka 30 kabla ya reli kufika hapa Kisumu mwaka 1901. Somo zima la historia liko pale kando ya barabara, na halidai hata ndururu.

Kwa kuwa ilikuwa Jumapili, tulipitia Kibuye. Soko hilo mnalijua, sina haja ya kulieleza sana. Nitasema tu kwamba mtu wa Nakuru, ambaye hudhani ameona masoko, alinyamaza kimya kwa muda wa dakika tano alipoona mitumba, vitanda, vyungu, kuku na redio kuukuu vikiuzwa katika uwanja mmoja, kila muuzaji akipiga kelele zake. Kutazama hakulipiwi. Ukishika sana bidhaa bila kununua ndipo utaambiwa neno.

Lakini utamu wenyewe ni Dunga. Kutoka katikati ya mji tulikwenda kwa miguu, mwendo wa kama saa moja hivi kwa mtu asiye na haraka. Pale utaona mashua zikiingia na samaki, akina mama wakiwa wamesimama na karai zao wakibishana bei hata kabla mashua haijagusa mchanga. Utaona mbuta mkubwa akibebwa kama mtoto. Utaona omena zimeanikwa juani, harufu yake ikikufuata mpaka nyumbani. Kando yake kuna kinamasi cha mafunjo, yale mafunjo ambayo wazee wetu husukia mikeka, na humo wamo ndege ambao wazungu hupanda eropleni kutoka Ulaya kuja kuwatafuta. Kuna mmoja mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye hukaa kwenye mafunjo tu, hapatikani kwenye miti ya kawaida. Mzungu huja na darubini ya bei ya gari kumtafuta ndege huyo. Sisi tuliomkuta mlangoni hatujui hata jina lake.

Jioni tukaenda Hippo Point. Viboko hawana ratiba: ukiwaona ni bahati yako, usipowaona rudi siku nyingine, na ukiwaona usiwakaribie maana mnyama yule hana utani. Jua lakini halijakosa kutua hata siku moja. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, huhitaji kuuliza. Linashuka juu ya maji, maji yanakuwa rangi ya embe bivu, mashua za wavuvi wa usiku zinatoka moja moja na taa zao. Binamu yangu alisema neno moja tu: "Kumbe." Na haya tuyaonayo hapa ni Ghuba ya Winam tu, kidole kimoja cha Nam Lolwe. Ziwa zima lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na Kenya tumepata kama asilimia 6 tu. Asilimia 6 hiyo inatutosha kabisa, ilimradi tuweze kuifikia.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Kesho yake nilitaka kumpeleka binamu mahali ambapo tulikuwa tukicheza nilipokuwa darasa la nne, pana mti mkubwa na mawe ya kukalia. Tulikuta seng'enge. Nyuma ya seng'enge kuna viti vya plastiki, miavuli, na askari mlangoni.

"Vijana, mnaenda wapi?"

"Shikamoo mzee. Tunaenda kuona ziwa tu."

"Ziwa ni la wateja. Nunueni soda kwanza."

Soda yenyewe ilikuwa inauzwa bei ambayo dukani ingekununulia tatu. Simlaumu mzee yule, yeye ameajiriwa na ana watoto wa kusomesha. Wala jina la mahali penyewe sitalitaja, kwa sababu si pamoja tu. Lakini neno hilo, "ziwa ni la wateja", limekataa kutoka kichwani mwangu.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kila kitu kiwe cha bure. Hifadhi ya Impala, iliyotangazwa rasmi mwaka 1992, hutoza kiingilio, na ni haki. Wanyama wanakula, askari wanalipwa, ua linatengenezwa. (Ingawa nitalalamika kidogo: kiingilio chenyewe siku hizi ni cha kulipia kwa simu, na sisi wa bweni tunajua adhabu ya kupatikana na simu.) Ukienda Kit Mikayi kule Seme, utatozwa pia na wenyeji. Mimi hulipa kwa moyo mweupe, kwa maana yuko mtu atakayekusimulia jinsi mzee mmoja alivyolipenda jiwe lile hata akawa haondoki, mkewe wa kwanza akimpelekea uji kila siku, mpaka watu wakaliita jiwe la mikayi, yaani mke mkubwa. Kazi ya kusimulia ni kazi. Mtu wa mashua akikuzungusha majini mlipe, amechoma petroli. Ninachokataa ni kulipishwa kwa kusimama tu na kutazama maji ambayo hakuna aliyeyatia pale.

Watu watasema huu ni umaskini wa mawazo, ati miji iliyoendelea haina cha bure. Basi na tuchukue Singapore, mji ambao kila mwaka hutajwa miongoni mwa miji ghali zaidi duniani. Mji huo una bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1859, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015. Kiingilio? Hakuna. Wanatoza sehemu moja tu, ile ya maua ya okidi. Huko Tokyo nako, makao ya serikali ya mji yana chumba cha kutazamia mji kwenye ghorofa ya 45, mita 202 kutoka chini, na unapandishwa na lifti bila kulipa. Watu hao wanajua kutafuta pesa kuliko sisi. Ila wamekaa chini wakaamua ni vitu gani haviwezi kuuzwa, wakaviwekea mipaka.

Wala tusiende mbali hivyo. Zanzibar, ambako hoteli nyingine chumba cha usiku mmoja ni karo ya muhula mzima, kuna Bustani ya Forodhani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Jioni mtalii na mchukuzi hukaa ukuta mmoja wakitazama vijana wakijirusha baharini. Mombasa kuna ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, na sikukuu ya Krismasi hapatii mguu. Kisumu je? Mji wetu tangu ulipoitwa Port Florence umelipa ziwa kisogo. Reli ilikuja majini, bandari ikakaa majini, matangi ya mafuta, uwanja wa gofu, nyumba za wakubwa. Mwananchi akaambiwa akae nyuma. Kisha zikaja hoteli zikaziba mianya iliyobaki. Mwaka 2020 ziwa lilipofura likameza nyumba na njia kule Dunga na kwingineko, lilizipitia seng'enge nazo bila kubisha hodi. Lilipopungua, seng'enge zikarudi.

Najua hoja ya upande wa pili, kwa sababu nimeisikia kwa mwalimu mmoja ambaye namheshimu sana. Anasema kitu cha bure hakitunzwi, na ananionyesha karatasi za nailoni na chupa zilizotapakaa sehemu za wazi za ufuo. Ananionyesha pia vijana wanaoosha magari ndani ya maji kabisa, oili ikielea kama upinde wa mvua, na anauliza kama hiyo ndiyo bure ninayoitetea. Ni kweli, uchafu upo na unatia aibu. Lakini tazameni: mahali pa wazi ni pachache, kwa hiyo watu wote hubanana hapo hapo, na hakuna pipa hata moja. Wanaoosha magari wanahitaji mahali pengine pa kuoshea, penye mtaro, si kufukuzwa leo na kurudi kesho. Uchafu dawa yake ni pipa, choo na mfagizi. Seng'enge haifagii. Isitoshe, gugu-maji lililotusumbua tangu miaka ya 1990 halikuletwa na watoto wanaotazama jua likitua.

Na sheria iko wapi? Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 62, inayataja maziwa na mito miongoni mwa ardhi ya umma. Kwa hiyo maji ni yetu sote, lakini kama njia ya kuyafikia imefungwa, umiliki wenyewe ni kama kuambiwa una ng'ombe kumi ambao wako kwenye boma la jirani. Serikali ya kaunti ingepima njia za miguu kutoka barabarani mpaka majini, njia pana za mtu na baiskeli, iziwekee vibao, hoteli zikabaki na biashara yao kulia na kushoto. Mwenye soda nzuri hatakosa wateja. Hata mimi nikiwa na pesa ningekunywa, tena baridi.

Sisi nasi tuna kazi. Wageni wa kongamano watakuja muhula wa pili, na wengi wao ni wanafunzi kama sisi, wana mia mbili zao mfukoni. Napendekeza Chama cha Kiswahili kiandike karatasi moja ya kuwapa, kwa Kiswahili cha kueleweka, yenye ramani: mnara wa saa, Kibuye, Dunga, Hippo Point, vilima vya Riat kaskazini kwa anayetaka kuuona mji wote na ghuba kwa jicho moja, na Maseno kwa atakayeweza nauli ya matatu, akasimame mguu mmoja kaskazini mwa Ikweta na mwingine kusini. Tuandike wazi mahali gani ni bure, wapi hulipwa na kwa nini, na wapi njia imezibwa. Hiyo orodha ya njia zilizozibwa tuitoe nakala, na mwalimu mlezi atusaidie kuipeleka kwa mwakilishi wa wadi.

Wanaotaka kushiriki kuzipima njia hizo waandikishe majina kwa katibu kabla ya Ijumaa ili tuombe ruhusa ya kutoka Jumamosi. Tunahitaji watu kama kumi, mmoja wao awe anajua kuchora. Anayekuja asije na viatu vya Jumapili, maana Dunga kuna matope.