Tangazo Linalotembea
Fundi cherehani anayelipia bango la barabarani kabla hajajuana na akina mama wa kikoba cha mtaani kwake anatupa hela. Huko ndiko sare za harusi huagizwa, tena kwa mkupuo. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, liliandika alama yake, “Mali ya Abdulla”, kwenye kanga zake, na kila mvaaji akawa tangazo. Fundi naye ashone lebo yenye namba ya simu. Vipeperushi? Vichache, na viandikwe bei. Sijui nani aliwadanganya wafanyabiashara kwamba “bei poa” ni taarifa. Picha za WhatsApp nazo ziwe za magauni aliyoshona mwenyewe. Akiiba za wengine, kikoba kizima kitajua kabla ya magharibi.