BARABARA IKIFUNGWA, MOYO USIFUNGWE



Unakumbuka Novemba 2023, mafuriko yalipokata barabara ya Lamu–Garsen pale Gamba? Mabasi yalisimama, abiria wakakwama, mizigo ikakwama. Mambo kama hayo yakitokea, watu wa Mungu tunafunga na kuomba njia ifunguke. Ni vyema.

Lakini nisikilize. Unaombaje Mungu afungue njia, na huku stoo umeficha unga ukingoja bei ipande? Una boti pale Mokowe, abiria amefika usiku amechoka, unamtoza nauli mara mbili?

Najua, mzigo ukija kwa gharama kubwa, bei hupanda. Hilo hakuna wa kukulaumu. Lakini ule unga ulionunua kabla ya mvua, umekuongezea gharama gani?

Soma Mithali 11:26 uone laana ni ya nani na baraka ni ya nani.

Mpendwa, njia ikifungwa tena, uza kwa bei ya jana. Aliyekwama mpe pa kulala. Halafu njoo tuombe pamoja.

Kama umepokea, andika AMINA. Ubarikiwe!