Acheni Kupiga Msasa Historia

Kuna video huwa zinanipata kila usiku nikitaka kulala. Jamaa ananunua bunduki kuukuu ya vita, imejaa kutu, anaipiga msasa, anapaka vanishi, na dakika 20 baadaye inang'aa ka imetoka kiwandani jana. Siwadanganyi, mimi huziangalia hadi mwisho. Lakini mara nyingi huyo jamaa huwa ameharibu kitu, na sisi tunampigia makofi.

Chukua Mosin-Nagant ya Urusi. Ilianza 1891, zikatengenezwa mamilioni. Nyingi za 1942 zina mikwaruzo ya mashine waziwazi kwa chuma, juu Wajerumani walikuwa wameingia nchini na hakuna mtu alikuwa na muda wa kulainisha. Hiyo si uchafu. Hiyo ni haraka ya vita, unaigusa na kidole. Ukiilainisha, umeifuta, na hairudi.

Najua mtaniambia hata majeshi yenyewe yalikuwa yanarekebisha. Kweli kabisa. Baada ya vita, Wasovieti walizirudisha karakana, wakapaka mbao rangi mpya, wakagonga namba upya. Lakini hao walikuwa wanaandaa silaha irudi kazini. Yako inaenda ukutani. Si kitu moja.

Na kuhifadhi si kuacha kitu kioze. Kutu nyekundu inakula chuma, lazima uisimamishe: mafuta kidogo, kitambaa laini, subira. Mbao ikikauka, ipake mafuta ya kitani. Kipande kikipotea, weka cha aina ile ile, na ukibadilisha chochote, tunza kile cha zamani ndio mwingine aweze kukirudisha. Sheria ni moja tu: usifanye kitu haiwezi kutenduliwa. Ile iliyokatwa mbao kitambo ikafanywa ya kuwinda, hiyo irudishie umbo lake, sina noma.

Sasa mtasema, hii inatuhusu aje, na huku Kenya bunduki hainunuliwi ka simu? Inatuhusu. Askari wa King's African Rifles walibeba Lee-Enfield hadi Burma 1944. Halafu miaka ya 1950, wapiganaji wa Mau Mau wakajitengenezea bunduki zao msituni: bomba la maji, komeo la mlango, vipande vya mpira, mbao ya kuchongwa na mkono. Zingine bado zipo kwa makumbusho.

Imagine mtu aichukue moja ya hizo, aisugue hadi bomba ling'ae, anyooshe pale msumeno ulipinda. Itakuwa safi, ndio. Lakini ule upindo ndio ushahidi kwamba mtu bila kiwanda, bila mashine, akiwindwa, alikaa chini akaiunda. Ukiunyoosha, umebaki na bomba tu.

Kwa hivyo kabla ushike msasa, jiulize: natoa kutu, ama natoa shahidi?

Wewe ungefanya nini? Niambie hapo chini.