Kitanzi Juu ya Paa la Gereza

MIZANI YA JUMA
Na Mwinyihaji Sururu

Katika mtaa wa Horsemonger Lane, kusini ya mto Thames jijini London, lilikuwapo gereza la kaunti ya Surrey, lililokamilika mwaka 1799, na juu ya lango lake palikuwa na paa bapa ambapo wahalifu walinyongwa mbele ya kadamnasi iliyojazana barabarani. Hapo ndipo Kanali Edward Despard na wenzake sita, waliotiwa hatiani kwa uhaini dhidi ya Mfalme George wa Tatu, walipotundikwa Februari 1803, kisha vichwa vyao vikakatwa. Itikadi ya watawala wa zama zile ilikuwa kwamba mauti yakishuhudiwa kwa macho huwa ibra, na kwamba atakayemwona muuaji akining'inia atajizuia kuua.

Itikadi hiyo ilitahiniwa usiku wa kuamkia tarehe 13 Novemba 1849, pale Charles Dickens, ambaye pamoja na rafiki zake alikuwa amekodi paa la nyumba iliyoelekeana na gereza kwa pauni 10 na shilingi 10, alipokesha akiitazama ile halaiki ya watu wapatao 30,000 zaidi kuliko alivyokitazama kitanzi. Aliona wavulana na wasichana wakipiga ukelele, wezi wakichanganyika na walevi, na nyimbo za dhihaka zikiimbwa hadi alfajiri. Na kulipokucha, Frederick Manning na mkewe Maria, aliyevaa gauni la satini nyeusi, wakatolewa na kunyongwa pamoja kwa kumuua mgeni wao, Patrick O'Connor, na kumzika chini ya mawe ya sakafu ya jikoni. Katika umati ule Dickens hakuona huruma wala kicho. Ibra iko wapi, basi, ikiwa walioletewa waliigeuza tamasha?

Siku ile ile aliliandikia gazeti la The Times barua ya ghadhabu, akataka watu wanyongwe ndani ya kuta za gereza. Hapa ndipo ninapokhitalifiana na mwandishi huyu ninayemstahi, kwa kuwa mwaka 1846, katika gazeti la Daily News, alikuwa amedai adhabu ya kifo ifutwe kabisa, na sasa, baada ya kuyaona kwa macho yake, akaridhika ifichwe. Bunge likamfuata: sheria ya Mei 1868 ikaondoa macho ya watu, kamba ikabaki. Gereza lile likafungwa mwaka 1878, lakini Uingereza iliendelea kunyonga faraghani hadi Agosti 1964, miaka 96 baada ya sheria ile, na naamini muda huo usingalikuwa mrefu hivyo lau umma ungalilazimika kuendelea kutazama.

Jambo hili latuhusu, maana adhabu ya kunyonga waliyotuachia Waingereza katika vitabu vyetu vya sheria ndiyo hiyo iliyokwisha kufichwa. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, wala Tanzania tangu 1994, ila mahakama zingali zikiitoa hukumu hiyo, na binadamu wangali wakilala wakiingoja. Wabunge wetu watakapoijadili tena, nawasihi wasimame na Dickens wa 1846.